Friji haishuki, makala hakuna: nihamie kwenye data?

Swali:

“Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtu wa Tanga, nimesoma fizikia Dar es Salaam, na sasa niko mwaka wa pili wa uzamivu huku Ulaya. Kikundi chetu kinatengeneza kipokezi cha mawimbi ya milimita kitakachofungwa kwenye darubini ya mlimani. Wenzangu tuliokuja pamoja wanachambua data, na kila mmoja ameshatoa makala mbili tatu. Mimi huu ni mwezi wa saba nahangaika na friji ya kipokezi: inatakiwa ifike kelvini 0.25, robo ya digrii tu juu ya sifuri halisi ya joto, inagoma kwenye 0.4. Nikipiga simu nyumbani naulizwa nimegundua nyota gani. Je, nihamie kwenye data kabla sijachelewa? Na nikimaliza, ujuzi huu una kazi gani kwetu?”

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu, na pole na friji. Nitakujibu kwa urefu, maana swali lako huniletea vijana wengi wa fani yetu, na wengi wao wanakuwa wameshaamua kwa aibu kabla hawajakaa kupiga hesabu.

Nianze na la nyumbani. Waambie unatengeneza sikio. Hewa ya Tanga unaijua, chumvi inaloa ikiwa koponi. Mvuke huohuo wa maji ndio unaomeza mawimbi ya milimita kabla hayajatufikia, na ndiyo maana darubini zetu zimepandishwa kwenye majangwa ya juu. ALMA na antena zake 66 iko uwanda wa Chajnantor nchini Chile, mita 5,000 juu ya usawa wa bahari. Nyingine yenye sahani ya mita 10 iko Ncha ya Kusini, ambako baridi imeikausha hewa. Na hata huko, kinachofika ni hafifu mno, kiasi kwamba chuma chenye joto la chumba kikikaa mbele ya kigunduzi kinakifunika kwa mng'ao wake chenyewe. Kupoza ni nusu ya kazi yetu. Mwenye kuipoza vizuri ndiye anayeamua kama mwenzake wa data atakuwa na kitu cha kuchambua.

Sisemi haya ili kukubembeleza. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena ya pembe huko Holmdel, New Jersey, na kelele ya ziada ya kama kelvini 3.5 (kelele sisi huipima kama joto) ambayo hawakuweza kuieleza. Walikuwa wamepima mchango wa kila kipande. Walikuwa na kilinganishi kilichopozwa kwa heliamu ili wajue sifuri yao iko wapi, na walisafisha hadi kinyesi cha njiwa ndani ya pembe. Makala yao ilikuwa fupi, na kichwa chake kilitaja tu kipimo cha joto la ziada la antena kwenye megahezi 4080. Ilikuwa makala ya chombo. Kilichokuwa ndani yake ni mwangaza uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, na Nobeli ikaja mwaka 1978. Mwaka 1970 walewale wawili, pamoja na Keith Jefferts, walifunga kipokezi kipya kwenye darubini ya Kitt Peak, Arizona, wakaielekeza Nebula ya Orion na kuona monoksidi ya kaboni kwenye gigahezi 115, yaani milimita 2.6. Gesi ile ilikuwapo miaka yote. Kilichokuwa hakijapatikana ni kipokezi. Hadi leo monoksidi ya kaboni ndiyo tunayoitegemea kupima mawingu yanakozaliwa nyota, kwa sababu molekuli za haidrojeni zikiwa baridi namna ile karibu hazitoi kitu.

Hata hivyo, sitakuambia kwamba kila mwezi uliokaa chini ya friji ni utafiti. Mingine ni kuzungushwa tu. Najua, kwa sababu nilizungushwa.

Nikiwa mwaka wa tatu, katika maabara nisiyoitaja, friji yangu ya heliamu-3, aina nyepesi ya heliamu inayotumika kupoza, iligoma kama yako. Kila tulipofungua tulibadilisha vitu vitano kwa pamoja: nyaya hizi, boliti zile, kichujio kile. Ikishuka kidogo hatukujua kipi kimesaidia, na ikipanda hatukujua kipi kimeharibu. Miezi mitano ilikwenda hivyo. Mwishowe nilikaa na daftari la maabara, nikachora joto la chini la kila mzunguko wa kupoza kwa tarehe. Likaonekana: kuna siku moja lilipanda, na halikurudi tena. Siku hiyo daftari lilikuwa na maneno mawili, “tumefunika upya”, bila mchoro wala picha. Ile karatasi ya kung'aa tunayofunikia ngao za ndani, yale makasha ya chuma yanayozuia joto, ilikuwa imekunjwa vibaya na kona yake kugusa ngao mbili zenye joto tofauti. Kona isiyozidi kucha ilikuwa inapitisha joto mchana na usiku. Tuliikata kwa mkasi.

Kwa hiyo kabla ya kuniuliza uhame au ubaki, naomba uhesabu kitu kimoja: una mizunguko mingapi ya kupoza? Kufunga kriostati, yaani kasha linalobeba friji na vigunduzi, na kuvuta ombwe ni siku moja au mbili. Kupoa ni siku mbili hadi nne kwa chombo kikubwa. Unapima siku chache, kisha unasubiri kipate joto tena, maana ukifungua kikiwa baridi unyevu wa chumba unaganda juu ya vigunduzi. Toa likizo, toa mikutano, toa pampu iliyopelekwa matengenezoni na foleni ya karakana. Katika mwaka mzima unabaki na mizunguko ishirini, ukibahatika. Mwenzako wa data akikosea asubuhi anaendesha programu upya mchana. Wewe ukikosea umetumia sehemu ya ishirini ya mwaka wako. Mtu mwenye nafasi ishirini hafungi kriostati bila kuandika kwanza, kwa sentensi moja, swali ambalo mzunguko huu utalijibu hata friji ikigoma. Hilo ndilo linalotenganisha miezi saba ya utafiti na miezi saba ya kuzungushwa.

Sasa friji yako yenyewe. Sijaiona, lakini kuna mizunguko miwili ambayo ningeifanya kabla ya mingine yote.

Wa kwanza: ziba dirisha la kriostati, pale mawimbi yanapoingilia. Weka bati la alumini au shaba kwenye ngao ya kelvini 4 ili mwanga wa chumba usiingie kabisa, kisha poza. Friji ikishuka hadi 0.25, mhalifu anaingia na mwanga, na kazi yako iko kwenye vichujio vya joto. Ikibaki 0.4, mhalifu yumo ndani: nyaya, nguzo, au mguso kama ule wa kwangu. Katika mzunguko huohuo hakikisha kuna kipimajoto kimoja kwenye kichwa cha friji na kingine kwenye bamba la vigunduzi. Nimeona watu wakilaumu friji mwaka mzima kumbe kichwa chake kiko kwenye 0.26 na bamba peke yake ndilo liko kwenye 0.4. Hapo ugonjwa ni kiungo cha shaba kati ya viwili hivyo, na mara nyingi ni boliti iliyolegea kwa sababu chuma chake husinyaa kidogo kuliko shaba kikipozwa.

Wa pili: choma kwa makusudi. Funga resista ndogo, kipande kinachogeuza umeme kuwa joto, kwenye kichwa cha friji, ipe umeme unaoujua, mikrowati chache kwa hatua, na usome joto kila hatua likitulia. Mtengenezaji wa friji hutoa mchoro unaoonyesha friji nzima inafika joto gani kwa mzigo gani. Mstari wako ukiwa sambamba na wake lakini umesogezwa, kiasi ulichosogea ndicho mzigo usioujua, na sasa unaujua kwa mikrowati. Ukiwa na umbo tofauti kabisa, friji yenyewe ni dhaifu, labda heliamu haijageuka kimiminika vya kutosha kabla ya kuanza. Mizunguko miwili, na kutoka “friji inagoma” umefika kwenye namba inayoweza kubishaniwa.

Namba inayoweza kubishaniwa ndiyo bidhaa yetu, kwa hiyo vumilia nikae hapa kidogo. Chukua vipokezi vya kelvini 4, ambavyo mfano wake ni rahisi kuliko vigunduzi vyako. Unaweka mbele ya kipokezi sponji nyeusi inayomeza mawimbi, ikiwa na joto la chumba, kelvini 295. Kisha unaweka sponji ileile iliyozamishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, kelvini 77. Unagawanya nguvu uliyosoma mara ya kwanza kwa ile ya pili. Tuseme umepata 2.9. Kelele ya kipokezi ni 295 utoe 2.9 mara 77, ugawanye kwa 1.9: kelvini 38 hivi. Lakini sponji haikuzama vizuri, uso wake ulikuwa na joto la kelvini 82 na hukujua. Rudia hesabu kwa 82, jibu ni kelvini 30. Kosa la kelvini tano kwenye ndoo limekuwa kosa la karibu kelvini nane kwenye tasnifu. Na ukipanda na ndoo hiyo hadi mita 5,000, ambako kanieneo ya hewa ni kama nusu ya pwani, naitrojeni inachemkia kwenye kelvini 72 au 73. Aliyezoea kuandika 77 bila kufikiri anaandika uongo bila kukusudia. Mtafiti kijana anayeweza kueleza kila tarakimu ya namba yake imetoka wapi, na inaweza kukosea kwa kiasi gani, hakai bila kazi katika fani hii. Nimekaa kwenye usaili wa kutosha kulisema hili kwa uhakika.

Kuhusu makala. Una makala tayari, ila huitambui kwa sababu unailinganisha na ya mwenzako. Bajeti ya joto ya kriostati, yaani mzigo wa kila nyaya, kila nguzo na kila dirisha, uliokokotolewa na kisha kupimwa, ni makala. Kigunduzi kimoja kilichopimwa kikamilifu ni makala. Mkutano wa SPIE, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa optiki, wa darubini na vifaa vyake hufanyika kila baada ya miaka miwili, miaka shufwa. Upo mkutano wa teknolojia ya terahezi, upo wa vigunduzi vya joto la chini ambao kazi zake huingia kwenye Journal of Low Temperature Physics. Katika fani yetu makala fupi za mikutano hii husomwa na kunukuliwa kweli. Ndiko ninakokwenda kwanza nikitaka kujua mtu fulani alifungaje kichujio chake. Muombe msimamizi wako mkae, mwandike kwenye barua pepe: kipande hiki ni chako, na makala yake jina la kwanza ni lako. Fanya hivyo mapema, wakati hakuna anayegombea kitu. Chombo kikifika mlimani na picha ikatoka, orodha ya majina itakuwa ndefu. Tuzo ya Breakthrough iliyotolewa kwa picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi, lile la M87 lililopigwa kwa mawimbi ya milimita 1.3 na kutangazwa Aprili 2019, iligawanywa kwa watu 347. Wajenzi wa vipokezi wamo. Lakini atakayekuajiri ataangalia kile kipande ambacho unaweza kukisimulia peke yako.

Jambo la muda linanitia wasiwasi zaidi kuliko friji. Chukua vigunduzi vya indaktansi ya kinetiki, vile vipande vyembamba vya alumini ambavyo masafa yake husogea mwanga ukivunja jozi za elektroni ndani yake. Wazo lilichapishwa mwaka 2003 na watu wa chuo cha Caltech na maabara ya JPL, California. Kamera ya majaribio, NIKA, ilipelekwa kwenye darubini ya mita 30 ya Pico Veleta, Uhispania, mwaka 2009. NIKA2 ilifungwa hapohapo mwaka 2015, na wanaastronomia wa nje wakaanza kuitumia 2017. Miaka kumi na minne kutoka wazo hadi huduma, na hiyo ni kazi iliyokwenda vizuri! Uzamivu wako ni miaka mitatu au minne. Kwa hiyo muulize msimamizi swali hili, kwa adabu lakini waziwazi: chombo kisipopanda mlimani kabla sijamaliza, tasnifu yangu inasimama juu ya nini? Akikupa jibu lenye sura zinazojitegemea, baki kwa moyo mmoja. Akisema “kitapanda tu”, basi unahitaji mpango wako mwenyewe, na uupange mwaka huu.

Ndiyo maana jibu langu kwa “nihamie kwenye data?” ni hapana, lakini weka mguu mmoja. Karibu kila kikundi kina chombo cha zamani chenye data ambayo hakuna aliyeimaliza. Omba kipande kidogo kinachogusa chombo: ramani za umbo la mwale wa darubini, yaani kipande cha anga inachokiona kwa mara moja, usawazishaji wa vipimo wa siku baada ya siku, mstari wa ajabu unaojirudia kwenye ramani. Mtu anayeuona mstari kwenye ramani ya anga na kuufuata hadi kwenye waya fulani ndani ya kriostati ni adimu. Wachambuzi wazuri wapo wengi, na mafundi wazuri wapo. Anayesimama katikati ya makundi hayo mawili ndiye wanayempigia simu usiku.

Halafu kuna fundi wa karakana. Mfereji wa chuma wa mawimbi ya gigahezi 75 hadi 110 una tundu la milimita 2.54 kwa 1.27. Kinyweleo cha chuma kilichobaki pembeni mwa tundu kama hilo kinaharibu kipimo cha wiki nzima. Mchoro wako mzuri wa kompyuta haujui patasi ya mashine inafika wapi, yeye anajua. Nenda kwake mchoro ukiwa bado wa penseli, msalimie, ulizia habari zake, kisha uulize kipande hiki angekichongaje. Nimeokolewa na mafundi kuliko nilivyookolewa na maprofesa.

Na usalama, kwa kifupi ila usiupuuze. Lita moja ya naitrojeni ya kimiminika inakuwa kama lita 700 za gesi, isiyo na rangi wala harufu, inayosukuma oksijeni nje ya chumba. Usipande lifti na tanki lake. Usifanye kazi peke yako usiku kwenye chumba kisicho na kengele ya oksijeni, hata kama msimamizi ana haraka.

Sasa la mwisho, la kwetu. Afrika Mashariki hakuna darubini ya mawimbi ya milimita, na sitakuahidi kwamba itakuwepo ukimaliza. Iliyo karibu zaidi kwenye mipango ni Africa Millimetre Telescope ya mita 15 nchini Namibia, inayoshughulikiwa na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi na Chuo Kikuu cha Namibia. Itahitaji watu wanaojua kufunga kriostati, na Waafrika wenye ujuzi huo tunahesabika. Ifuatilie kuanzia sasa, waandikie, nenda ukawasikilize kwenye mikutano. Kenya ni mmoja wa washirika wa Afrika katika mradi wa SKA, darubini kubwa ya redio inayojengwa Afrika Kusini na Australia, na vijana wake wamepata mafunzo ya mpango wa DARA wa astronomia ya redio. Hayo ni mawimbi marefu zaidi ya yako, lakini ombwe, kelele na usawazishaji ni vilevile.

Nje ya astronomia, minara ya simu katika nchi nyingi sasa huunganishwa kwa viungo vya gigahezi 71 hadi 86, kando kabisa ya masafa unayopima, na mvua kubwa ndiyo adui yake mkuu. Satelaiti za hali ya hewa husoma unyevu wa anga kwenye gigahezi 183, kwenye masafa ambayo mvuke wa maji humeza mawimbi, mvuke uleule unaotufukuza pwani. Mtu anayeelewa kwa mikono yake jinsi kipimo kile kinavyopatikana ana la kusema katika ofisi ya hali ya hewa na katika darasa la chuo kikuu. Ajira yako ya kwanza huenda ikawa huko uliko, mkataba wa miaka miwili au mitatu. Usione hilo kama usaliti kwa nyumbani. Tunza mawasiliano na walimu wako wa Dar es Salaam, na ukija likizo omba saa moja uwaonyeshe wanafunzi kipimo cha sponji na ndoo. Kinafanyika hata kwa sahani ya satelaiti ya televisheni na kipokezi chake, kwa kulinganisha anga wazi na ukuta wa jengo.

Kwa wiki hii, acha kufikiria wenzako. Chora joto la chini la kila mzunguko wa miezi saba kwa tarehe, pembeni uandike kilichobadilishwa. Kisha ziba dirisha, funga resista, poza. Ukipata mchoro wa mikrowati dhidi ya kelvini niandikie tena, na unitajie ndani mna vipimajoto vingapi na kila kimoja kimefungwa wapi.